Kabla Hujaanza Kusema

Karibu. Usivue viatu, sakafu hii haina zulia.
Kaa unapotaka, ila kile chenye mto wa kijani
mguu wake mmoja mfupi, nimeutilia gazeti.
Viti vyote viwili nimevielekeza dirishani:
macho kwa macho ni ya polisi na wachumba.
Sisi tutatazama uani kwa fundi Asaa,
kanzu zilizotundikwa, kuku wa jirani,
na neno likija, lije kama mpita njia.

Najua umezunguka. Hukupita mlango wa mbele.
Wete ndogo hii: ukipiga chafya Limbani
watu wa Jadida wanakuitikia yarhamukallah.
Ndiyo nikaomba chumba hiki, nyuma ya cherehani.
Ukiulizwa, ulikwenda kupimwa kanzu.
Si uongo sana.

Mie ni Mize binti Shaame, wa Mchangamdogo.
Mama alichambua karafuu za watu,
gumba lake jeusi mpaka leo.
Nina kaka, Ngwali, aliyejua hesabu kuliko mwalimu wake,
kisha akaacha kulala.
Siku ya kwanza tulicheka.
Siku ya tisa alikuwa akiwajibu watu
ambao sisi hatukuwaona.

Tulimpa kombe, zafarani kwenye sahani nyeupe,
akanywa, akatulia hadi isha.
Tukampigia ngoma; pepo akataka mbuzi mweusi, tukampa.
Sisemi vibaya. Yule mzee aliyeandika kombe
ndiye pekee aliyemshika Ngwali mkono.
Sisi wengine tulishika kamba.
Miezi minne, mguu wa kitanda na mguu wa kaka yangu
ilikuwa kitu kimoja,
na mie, wa miaka kumi na mmoja, ndiye niliyempelekea uji.
Wageni wakija tulisema amesafiri, yuko Tanga.
Naye nyuma ya ukuta akihesabu, moja, mbili, mpaka mia tisa,
akikosea makusudi
ili aanze tena.

Yu hai. Anauza barafu Konde, anakunywa dawa zake,
na chenji yake haipungui hata shilingi.
Miezi ile hajawahi kuitaja,
wala sijamwuliza.
Mie, ambaye kazi yangu ni kuuliza.

Nilisoma Dar, nikarudi na cheti na maneno mazito.
Yakakosa pa kukaa. Hakuna aliyeingia hapa
akasema ana sonona.
Mmoja alisema: moyo umeniingia baridi.
Mwengine: chakula nakitazama kama picha.
Basi nikayaacha yangu mlangoni, na mwavuli.

Kwa hiyo sitakwambia upige moyo konde,
wala kwamba imani yako ndogo; tasbihi hiyo naiona.
Siandiki mtu akisema.
Ukilia, leso iko pale, kwenye kopo la maziwa,
sitakukimbizia: leso ya haraka
ni adabu ya kumwambia mtu nyamaza.
Deni siwezi kulilipa, mke siwezi kumrudisha.
Ukihitaji daktari nitasema, na foleni tutapanga pamoja.
Siri yako itabaki humu, ila ukitaka kujidhuru:
hapo nitamwita mtu,
na wewe utakuwa wa kwanza kujua.

Unasikia? Fundi Asaa ameanza.
Chini ya sindano hamna kitambaa.
Kila anapoona mtu ameingia kwangu
huikanyaga cherehani tupu, ivume,
asije akasikia.
Sikumwomba.

Haya.
Jana usingizi ulikuja saa ngapi?